Jinsi ya kuufanya mtaa wenu uwe salama kwa watoto, ukianzia njia ya shule

Wazazi wenzangu, na nyie ambao bado hamjapata watoto ila mnaishi mitaa yenye watoto, naandika kitu ambacho nimekifanya kwa miguu yangu huku kwetu Mbagala, Dar, kwa mwaka na nusu sasa, na natamani kila mtaa ukifanye. Sio mradi wa mamilioni. Unahitaji kaunta buku, kalamu, tepu ya fundi, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na watoto kama kumi hivi. Hao watoto ndo wa muhimu kuliko vyote, mtaona kwanini.

Sisi tulianza kwa maumivu. Mtoto wa jirani yangu, darasa la kwanza, zamu ya mchana, aligongwa na bodaboda wakati anavuka kwenda shule, yule kijana alikuwa anakwepa shimo akahamia upande aliko mtoto. Mguu ukavunjika, akafungwa hogo, akakaa nyumbani hadi wenzake wanafanya mtihani. Tulipokutana watu wazima kila mtu akasema watoto wafundishwe kuvuka, na mimi nikasema hivyo hivyo. Tukawafundisha, tazama kulia tazama kushoto tazama tena kulia, watoto wakaimba vizuri kabisa. Ila barabara ilikuwa ni ile ile, na mtoto wa miaka sita au saba bado hana uwezo wa kukadiria gari iko mbali kiasi gani na inakuja kwa spidi gani, akili yake haijafika huko, hata umfundishe vipi. Kwahiyo kumbebesha yeye mzigo wa kuepuka gari ni kumuonea. Barabara na mtaa ndo vibadilike.

Tembea nao kwanza

Chagua siku ya shule, sio Jumamosi. Ongea na mwalimu mkuu na wazazi wao wakubali, halafu nenda muda ule ule ambao watoto wako njiani kweli. Kwetu shule ina zamu mbili, asubuhi na mchana, kwahiyo kwenye saa sita wanaotoka na wanaoingia wanakutana langoni, na hapo ndo pana vurugu kuliko hata alfajiri. Bila kwenda muda huo usingejua.

Waache wao wakuongoze. Wewe kaa nyuma, usiwasahihishe, usiwaambie pita huku, waache wapite wanapopitaga kila siku hata kama ni kichochoro ambacho wewe hujawahi kukiona. Kila wanaposimama waulize vitu vitatu tu: hapa unaogopa nini, hapa unapenda nini, na ungekuwa wewe ndo mwenyekiti wa mtaa ungebadilisha nini. Andika kama wanavyosema, maneno yao, usiyapambe.

Pale kwenye barabara kubwa ya lami mtoto mmoja wa kike, darasa la pili, aliniambia "Anti, hapa tunashikanaga mikono, mkubwa anahesabu moja mbili tatu, tunakimbia." Nikamuuliza mkubwa ni nani, akanionyesha mtoto wa darasa la tatu. Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Miaka yote napita pale naona watoto wanakimbia kwa furaha, kumbe wanajirusha.

Halafu fanya na hiki, chuchumaa. Kuna taasisi ya Uholanzi inaitwa Van Leer (zamani Bernard van Leer) ina programu yake ya miji inaitwa Urban95, ile 95 ni sentimita, ndo urefu wa mtoto wa miaka mitatu mwenye afya, wanawaambia viongozi wa miji wautazame mji wakiwa kimo hicho. Mimi nilichukua tepu nikapima 95 kwenye nguzo ya umeme, nikachuchumaa macho yakawa usawa ule pale pale wanapovukia. Sikuiona barabara. Niliona meza ya chipsi, ndoo ya maji, tairi la bajaji iliyopaki, na moshi wa gari ulikuwa unakuja usoni moja kwa moja. Mtoto akisimama pale hadi aione gari inabidi ashuke kwanza kwenye lami. Nikamuita mama wa chipsi nikamwomba achuchumae na yeye, akachuchumaa, akanyamaza kidogo, kesho yake meza ilikuwa imesogea hatua nne upande wa pili wa mtaro. Hiyo haikugharimu hata shilingi na hakuna barua iliyoandikwa. Kwahiyo kabla hujalalamika kwa mtu yeyote, wachuchumalishe watu.

Pima spidi

Ukienda ofisini ukasema magari yanakimbia sana utajibiwa tumekusikia mama. Ukienda na namba unasikilizwa tofauti. Chukua tepu, pima mita 50 pembeni ya barabara kati ya vitu viwili vinavyoonekana, nguzo na mti au mawe mawili uliyopaka chokaa. Gari ikipita kitu cha kwanza bonyeza saa, ikipita cha pili simamisha. Ikitumia sekunde 6 hiyo gari iko spidi 30, yaani kilomita 30 kwa saa. Ikitumia 3.6 iko spidi 50. Ikitumia sekunde 3 iko 60. Kaa pale saa nzima, pima gari na pikipiki kadri unavyoweza, andika zote, usichague za kasi peke yake maana mtu akigundua umechagua kazi yako yote inakuwa haina maana. Na ukae pembeni kabisa, usiwaweke watoto barabarani kwa ajili ya kupima, wao waandike tu mkiwa kivulini.

Kwanini 30? Gari yenye spidi 50 inakata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva hadi ashtuke na mguu ufike kwenye breki sekunde moja imeshaisha, yaani mita 14 zimepita hajaanza hata kufunga breki. Kwenye 30 ni mita 8 na kidogo. Na hata akimgonga mtu, kwenye 30 wengi wanapona, kwenye 50 hatari ya kufa inapanda mara kadhaa, na mtoto ni mdogo zaidi, bampa linampata kifuani au kichwani. Sheria yetu inaruhusu 50 maeneo ya makazi, ila mawaziri waliokutana Stockholm 2020 kwenye mkutano wa dunia wa usalama barabarani walikubaliana kwamba mahali watu na magari wanapochanganyika iwe 30. Hiyo itaje kwenye barua yako.

Jua barabara ni ya nani

Hapa watu wengi wanapoteza miezi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kwa mfano Kilwa Road. Barabara za mitaa na za wilaya ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, walioanzishwa 2017. Ukipeleka barua ya tuta sehemu isiyohusika itakaa kwenye faili hadi karatasi iwe njano. Sisi tulipeleka ofisi ambayo siyo, tukasubiri miezi minne, ndo tukaambiwa hii sio yetu. Muulize mtendaji wa mtaa au wa kata kabla hujaandika.

Na ujue unachoomba. Tuta peke yake linasaidia ila bora zaidi ni zebra iliyokaa juu ya tuta lenyewe, ile iliyonyanyuliwa, maana gari lazima ipunguze na mtoto anaonekana juu. Omba njia ya watembea kwa miguu yenye nguzo fupi za zege pembeni ili pikipiki na bajaji zisipite na zisipaki juu yake. Na angalia lango la shule, mara nyingine dawa ni kulihamisha tu, kama shule imepakana na barabara ndogo upande wa nyuma, lango likienda kule watoto wote wanatokea sehemu tulivu.

Haya sijatunga mimi. Kuna shirika linaitwa Amend limefanya kazi hii hapa hapa Dar kwenye shule za msingi, matuta, zebra, njia za miguu, nguzo za zege, kuhamisha malango, mpango wao unaitwa SARSAI, na ulipofanyiwa utafiti kwa kulinganisha shule zilizofanyiwa na ambazo bado, watoto wanaoumia walipungua kwa zaidi ya robo. 2019 mpango huo ukashinda tuzo ya miji ya WRI Ross, ya taasisi ya utafiti World Resources Institute, dola 250,000, ukashinda miradi ya miji mikubwa ya dunia. Vitu vyenyewe ni zege, rangi na nondo! Ukikutana na injinia anayesema haiwezekani, mwambie imewezekana Dar es Salaam.

Ila tuta usijenge mwenyewe. Najua hasira inavyokuwa mtoto akigongwa, vijana wanatoka usiku wanaweka udongo na mawe. Tuta lisilo na alama wala rangi linaua, bodaboda atalivaa gizani, na huyo bodaboda naye ni mtoto wa mtu.

Barua na mkutano

Barua fupi, ukurasa mmoja, mahali ni wapi, watoto wangapi wanavuka kwa saa moja (hesabu, ni rahisi), spidi ulizopima, unaomba nini. Ipitishe kwanza mkutano wa mtaa ili iwe ya mtaa sio ya mama fulani, ambatanisha muhtasari wa mkutano wenye sahihi na mahudhurio, ndo iende kwa mtendaji wa kata, kamati ya maendeleo ya kata na diwani, halafu ofisi yenye barabara. Toa nakala mbili na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hujapeleka kitu. Na wahi, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, bajeti zinapangwa miezi mingi kabla, kwahiyo ombi likifika Mei unasubiri mwaka mwingine mzima, bora liwe mezani Oktoba au Novemba.

Kwenye mkutano nenda na watoto, wasome wenyewe walichosema njiani. Kwetu mzee mmoja aliuliza watoto wanajua nini, na simlaumu, ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Nikamjibu kwa adabu, baba, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni kwenye mambo yanayomhusu, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1991, tumsikilize tu huyu mmoja. Yule wa darasa la pili akasimama akasoma ile ya kuhesabu moja mbili tatu. Ukumbi ukatulia. Mzee mwenyewe ndo alikuwa wa kwanza kusaini.

Ila wasitumike kama maua. Sio waje waimbe shairi, wapigwe picha na mgeni rasmi, waondoke. Wakiomba kitu wajibiwe, hata kama jibu ni bado hela hatuna. Uliza afisa maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii wa kata kama baraza la watoto lipo, kama lipo lifanyeni hai. Na picha zao msizitupe kwenye magrupu ya WhatsApp wakiwa na sare inayoonyesha jina la shule na njia wanayopita, mtu mbaya naye yumo humo.

Ambao hukuwaona njiani

Kosa langu kubwa lilikuwa hili. Nilitembea na watoto wanaoenda shule kwa miguu yao, nikadhani nimemaliza. Mwalimu mmoja ndo aliniuliza, na wasiofika je? Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mtaa wetu peke yake tulikuta mtoto wa miaka tisa anayetumia kitimwendo ambaye shule iko dakika kumi kutoka kwao na hajawahi kuingia darasani, sababu ni mtaro mmoja. Mmoja tu! Mama yake alikuwa anambeba mgongoni hadi alipokuwa mzito. Tukachanga, fundi akamwaga mfuniko wa zege juu ya mtaro upana wa mita moja na nusu na kimteremko cha taratibu, kipimo ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda unahitaji angalau sentimita 12 za urefu, ukifanya kifupi zaidi ya hapo kitimwendo kinarudi nyuma. Ilimalizika wikiendi moja. Nimekaa naiwaza miaka ile aliyoipoteza yule mtoto na nashindwa kujisamehe maana kila siku niliuruka ule mtaro mwenyewe.

Kwahiyo watafute, mtoto asiyeona, asiyesikia (huyu honi haimsaidii), mwenye ualbino ambaye jua na uoni hafifu vinamsumbua, na wale wanaouza karanga na mayai stendi ambao watu wanawapita kama nguzo. Hao wa stendi wanajua hatari za mji kuliko sisi wote. Kaa nao, uliza yale yale maswali matatu.

Na wasichana watembee na mwanamke wanayemwamini, peke yao, bila wavulana. Ramani yao ni nyingine kabisa. Wetu walionyesha pagale moja lisilo na mlango, kona ya kijiwe ambapo wanaitwa itwa, na sehemu wanapoahidiwa lifti na chipsi. Pagale lilizibwa na mwenye kiwanja baada ya mwenyekiti kumwandikia, nyumba nne zikakubali kuwasha taa za nje hadi saa nne usiku, na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda alikaa na vijana wake wakakubaliana hakuna kumbeba mwanafunzi bila mzazi kumpangia. Waendee hao vijana kwa heshima, wao wako barabarani siku nzima, wakiwa upande wako una walinzi thelathini.

Mtoto akikufungukia jambo zito la kufanyiwa ukatili, simamisha kila kitu. Usimhoji mbele za watu, usimwahidi kwamba ni siri, usikubali familia zimalizane kwa hela. Piga 116, ni bure, ndo namba ya huduma ya simu kwa mtoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kama ni kubakwa hospitali iwe ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU zifanye kazi, bila kumwogesha wala kufua nguo alizovaa.

Mashimo na viwanja vya kuchezea

Watoto wakirudi shule wanaenda wapi? Zunguka mtaa utafute mashimo, ya kuchimba mchanga, ya vyoo ambavyo havijafunikwa, visima visivyo na mfuniko. Mvua za masika zikijaza shimo mtoto haoni kina, anaona bwawa. Haya yafunikwe au yafukiwe wiki hiyo hiyo, wala msisubiri mkutano.

Kucheza nako ni haki, iko kwenye kifungu cha 31 cha ule mkataba. Nenda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri uangalie ramani, mara nyingi kuna eneo la wazi limechorwa na nyie mnaona gereji. Kulirudisha ni vita ndefu. Wakati mnasubiri, fungeni mtaa mmoja mdogo Jumapili jioni masaa mawili kwa ruhusa ya serikali ya mtaa, mabenchi huku na huku, watoto wacheze rede na mpira. Kigali wanafunga barabara kubwa kabisa za mji kwa ajili ya watu kutembea na kukimbia, walianza 2016, mara mbili kwa mwezi, na mji haujasimama.

Daladala nayo. Konda akiwaachia wanafunzi kituoni kwa sababu nauli yao ndogo, mtoto anafika shule amechelewa au anakubali lifti ya mtu asiyemjua. Wapangeni wazazi kwa zamu kituoni saa kumi na mbili asubuhi, wawili tu wanatosha, wanaandika namba ya gari na muda, mwisho wa wiki inapelekwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na kwa trafiki. Kwetu wiki ya pili tu makonda walikuwa wanafungua mlango wenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Kenya njia ni hiyo hiyo ila milango ni tofauti, mkianza na MCA wa wadi na kaunti, barabara nyingi kubwa za mijini ziko KURA, mna Sheria ya Watoto ya 2022 na kifungu cha 53 cha Katiba vya kushikilia, na 116 inafanya kazi huko pia.

Vikishajengwa, rudini mkapime tena pale pale, mita 50 zile zile, na watoto wale wale. Zebra yetu iliwekwa mwezi wa tisa, wastani wa muda wa gari kukata zile mita 50 ukapanda kutoka sekunde 3 na nusu hadi 6 na kidogo, tukaandika. Kufika Machi rangi ilikuwa imefutika na vumbi na matairi, tukapima tena, sekunde zilikuwa zimeanza kurudi kwenye 5. Tukapeleka karatasi hiyo, ikapakwa upya. Kwahiyo sasa tunapima kila shule zikifunguliwa, Januari na Julai, kwenye kaunta buku ile ile, na anayeshika saa siku hizi ni yule mtoto wa darasa la kwanza aliyevunjika mguu, yuko darasa la pili sasa.